Draiva ya Saa Kumi na Mbili na Robo

Jumatatu, 3 Machi

Imekatika tena. Mjukuu wangu kafungua mdomo, kijiko kiko hewani – picha ikaganda. Nikabaki halo, halo, kama mwendawazimu. Ile mistari ya waifai pale juu ya skrini imetoweka yote. Wiki mbili sasa.

Nimempigia mkwe kwa simu yangu ndogo ya vitufe, vocha ikaishia njiani. Kabla haijaisha kasema kadi za waifai za laptopu hizi zina draiva zisizoelewana na Linux. Nivute subira. Yeye ndiye aliyeng'oa programu yangu ya zamani, nzuri tu, akaniwekea hiyo Linux. Eti nyepesi. Eti haipati virusi. Mume wangu angekuwa hai angemwambia neno.

Subira nimeivuta miaka thelathini na nne mahakamani, nikichapa maneno ya waongo. Najua sauti ya mtu anayetaka nikate simu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua kuitengeneza mwenyewe. Nikishaiweza, nitamwuliza fundi huyo mbele ya watu: shahada yako ni ya nini?

Nimejiunga na jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux. Kuna mmoja anajiita Bundi, simjui, ila ana adabu. Kaniuliza aina ya kadi. Kanifundisha kufungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nywila ya kuingilia ninayo, mkwe aliniandikia mwenyewe siku ile alipoiweka.

Eti draiva ni programu ya kuiendesha kadi. Maisha yangu yote draiva alikuwa mtu, tena unaweza kumtukana akasikia.

Mwanafunzi ninayemchapia tasnifu kalalamika. Sura ya pili nimeituma mara tatu na haikufika hata mara moja. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya mkwe.

Ijumaa, 7 Machi

Imepona! Mstari mmoja tu. Bundi kaeleza kwamba kadi inalazwa ili kubana umeme, ikiamshwa inaamka nusunusu, kama mlevi. Nikaizuia isilale. Tangu asubuhi haijakatika. Sura zote tatu zimekwenda. Nimecheka peke yangu chumbani, mwanamke wa miaka sitini na sita.

Saa kumi na mbili kamili jioni nikampigia binti yangu. Ndiyo kwanza kaingia nyumbani, hata mkoba hajautua. Nikamwambia pazia lile halifai, linaonyesha ndani. Nikamwambia mtoto kakonda. Alikuwa anataka kunijibu –

Imekatika.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana mzima salama. Jioni imekatika. Sijampigia mtu. Nina hasira ambayo haina pa kukaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma kumbukumbu za mfumo, yale mambo ambayo laptopu inajiandikia yenyewe. Nimezisoma kama mwenendo wa kesi, na rula mkononi, mstari kwa mstari.

Kila siku, saa kumi na mbili na robo jioni, draiva inaondolewa. Kila siku, saa tatu kamili usiku, inarudishwa. Haipungui dakika, haizidi.

Ugonjwa gani huo unaotazama saa? Malaria haina saa. Meno hayana saa. Kitu kinachofika kazini kwa dakika ileile kimetumwa.

Nimemwandikia Bundi. Nikakosea herufi – mimi!

Jumanne, 11 Machi

Bundi kajibu. Nanakili: draiva mbovu huanguka yenyewe, haiondolewi kwa amri. Hapo kuna mtu, mama. Kanielekeza pa kutafuta orodha ya kazi ambazo laptopu inazifanya yenyewe kwa saa.

Nimeiona. Mistari miwili. Mmoja wa kung'oa, mmoja wa kurudisha. Na faili lenyewe lina tarehe: Jumamosi, 15 Februari.

Siku hiyo walikuja wote. Nilikuwa jikoni tangu asubuhi nawapikia. Nilipochungulia sebuleni, mkwe yuko mezani kwangu, anapangusa skrini, eti imejaa vumbi. Binti yangu kasimama nyuma yake. Maskini, hakujua mumewe anaandika nini.

Kumbe. Nilimlisha, nikamfungashia na cha njiani, naye ananikatia mwanangu. Sasa najua kwa nini mkwe huyu haongei. Kimya kingi kina mshindo.

Ananiogopa, ndiyo sababu. Anajua binti yangu akinisikiliza kila jioni atafunguka macho. Kwani namwomba nini? Simu moja ya jioni. Labda mbili, kama nimesahau jambo. Mwaka jana siku moja hakupokea, nikampigia mwenye nyumba wao akawagongee mlango. Kosa? Mama ni mama.

Sijalia. Nimepiga pasi nguo zote, hata mataulo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia mkwe, sauti laini kama mafuta. Mwanangu, nimesikia Jumamosi una kazi huku mjini, pitia unitazamie laptopu, kaa mpaka jioni, nitapika. Kasema sawa, mama, asante. Asante! Nitamshibisha kwanza. Mtuhumiwa mwenye njaa hutafutiwa huruma.

Nimemwita na wifi yangu, dada wa marehemu. Ndiye aliyemsifia kijana huyu wakati wa posa, "mpole, mpole". Aje amwone mpole wake. Kauliza kwenye simu kama ile waifai imepona. Nikamwambia wifi njoo, waifai utaikuta. Kacheka peke yake, mimi sikuwa na kicheko.

Ile mistari miwili nimeizima. Nakala nimeichapa kwenye karatasi, tarehe nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Jumamosi saa kumi na mbili nitampigia binti yangu, awe hewani, asikie mwenyewe ameolewa na mtu wa namna gani. Chumba chake cha zamani nimekifagia. Shuka safi nimetandika. Mtoto atalala na mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudia maneno yangu mbele ya kioo. Mafupi. Hakimu mmoja alikuwa akisema mwenye ushahidi hapigi kelele.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia jikoni. Wao wako sebuleni. Nimechukua daftari kwa sababu mikono yangu inataka kazi.

Mkwe alifika saa tisa. Shikamoo mama, marahaba. Akala vizuri, akasifia. Wifi akala zaidi yake. Saa kumi na mbili kamili nikampigia binti yangu, picha ikaja safi kama dirisha. Akafurahi kumwona shangazi yake. Nikaacha waongee. Mimi nilikuwa namtazama mkwe, siyo skrini.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne akaangalia saa yake ya mkononi. Na kumi na sita akaiangalia tena. Halafu akaangalia laptopu. Halafu akaniangalia mimi.

Nikamwambia, "Haikatiki leo, mwanangu. Unashangaa?"

Nikaweka karatasi mezani. Nikasoma yote, amri, saa, tarehe. Nikasema, wifi, huyu ndiye mpole wako, mwezi mzima ananizuia nisimwone mtoto wangu, na ananiambia ni draiva.

Wifi akavua miwani. "Baba, ni wewe uliyeandika haya?"

"Ni mimi, shangazi."

"Kwa nini?"

Mkwe akakunja ile karatasi mara mbili, taratibu. "Nimekosa. Naomba mama anisamehe. Mimi ndiye niliyeandika."

Hapo nilikuwa nimeshinda. Nilisikia mwili mzima unapoa. Nikafungua mdomo nimwambie binti yangu afungashe.

Sauti ikatoka kwenye laptopu. "Mwache, mama. Nilimtuma mimi."

Mkwe akasema, "Tuliache, mke wangu," na akanyoosha mkono kama anataka kuifunika laptopu. Wifi akamshika mkono.

"Alikataa mara mbili," binti yangu akasema. "Nikalia ndipo akakubali. Mama, naingia ndani sijavua viatu, simu yako inaita. Pazia. Mtoto. Chumvi. Nisipopokea unampigia mwenye nyumba. Ningekwambiaje? Ungesema nimefundishwa na mume." Alikuwa analia, lakini hakupunguza sauti. "Nilimwambia akuachie robo saa. Alitaka kukata yote saa kumi na mbili, nikamwambia hapana, mwachie mama robo saa anisalimie."

Robo saa.

Nikasema naenda kuangalia chai. Hakuna chai. Sikuwa nimebandika chai.

Mkwe amekuja hadi mlangoni, hakuingia. Kasema, "Mama, kama utataka niirudishe ile Linux kama ilivyokuwa, au niiache hivi ulivyoitengeneza –" akashindwa kumaliza. Kasema nimeitengeneza vizuri. Sikugeuka.

Saa ya ukutani inasema kumi na mbili na dakika arobaini. Nasikia wifi anamwuliza mtoto habari za shule, kwa sauti ya juu, ya kujaza chumba. Mtoto anajibu neno kwa neno, hakuna kinachokwama. Sasa ni binti yangu.

"Mama? Mama, upo?"

Mara ya tatu hii anaita. Yuko hatua sita kutoka hapa nilipoketi.