Aliyevaa Gauni Lile Ni Mama Yetu

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipofumba macho, na mpaka leo tukisikia mkasi ukikata kitambaa mezani tunageuka kukutazama.

Ulitukaripia pini zikiwa mdomoni. Hatukuelewa neno hata moja, tukatii tu. Ukimwona mtu barabarani uzi unaning'inia kwenye nguo yake, humjui wala hakujui, ulimsimamisha ukaukata. Wengine walinuna. Wengi walirudi na suruali zao uzipinde, nawe ulizipinda bure huku ukilalamika kutwa.

Wanafunzi wa chuo cha mitindo walikujua kama mwalimu wao wa ukataji. Wachache walijua kwamba chuo kilipoanza hakikuwa na sanamu za kuvalishia nguo, na wewe, mwanafunzi mwembamba usiyechoka kusimama, ndiye uliyevalishwa magauni ya darasa zima. Mpiga picha aliambiwa apige nguo. Basi akapiga nguo, kila picha inaishia shingoni. Nyumbani nako, kamera ikitokea ulijificha nyuma yetu.

Mwezi uliopita chuo kilizitoa picha hizo stoo na kuzitundika ukumbini. Tulikwenda na Baba. Chini ya kila gauni lako paliandikwa, "Aliyevaa hajulikani." Baba alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Huyu mke wangu," akasema. "Na huyu. Yule siye, yule kasimama vizuri mno."

Binti anayetunza picha alimuuliza kwa upole, "Babu, una uhakika? Mbona hana uso?"

"Bega la kushoto liko chini. Nimezeeka na bega hilo, mjukuu wangu, nitalikosaje?"

Binti hakubishana. Alibandua karatasi zile moja moja, na Baba akamtajia jina lako polepole, asije akalikosea. Kisha akakaa kwenye benchi, akalia. Siku ya mazishi hakulia, Mama. Alizunguka akiuliza nani hajala. Pale ukumbini alilia kwa sauti, akisema picha zote hizi, na hakuna hata moja ya kumtazama machoni. Tulikaa naye tu.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda, wanao wote mpaka kitinda mimba, wakwe zako, dada yako, mliyegombana naye kila wiki na sasa hana wa kugombana naye, wajukuu zako, pamoja na kichanga aliyezaliwa baada yako, ambaye hukumshonea kitu.

Juu ya maneno haya tumeweka picha ya gauni lisilo na kichwa. Watakaoiona watashangaa. Washangae. Uso wako tunao sisi, Mama, na tutakaa nao siku zote.