Maua ya Mama Mkwe Yanageuka Njano

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kabla mama mkwe wangu hajafunga mzigo wake. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na mume wangu ni fundi saa. Mama alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, akaja na begi la nguo na maua yake ya chunguni, mengine ya rangi ya waridi iliyopauka, mengine madogo ya zambarau yenye majani laini kama sikio la paka, akayapanga dirishani mbele ya cherehani yangu, na tangu siku ile sebule ikawa si ile niliyoizoea, maana asubuhi jua likipita kwenye yale maua linanidondokea mikononi likiwa na rangi, nami nashona huku Mama akiyanong'oneza, sijui anayaambia nini, hadi nasahau nashona gauni la nani, naona kama sote tumo ndani ya maji yaliyotulia, yeye na mimi na kitambaa.

Sasa majani yanageuka njano. Yalianza ya chini, yanalegea, ukiyagusa tu yanabaki mkononi, na vitumba vya maua vinaanguka kabla havijafunguka. Nimefanya kila niwezalo, nimeyanunulia vyungu vyeupe vya kung'aa visivyovuja hata tone, nayamwagilia kila nikiamka, na mume wangu nimemwona akiyamiminia maji yanayobaki kwenye glasi yake akidhani simwoni, na binti yetu akitoka shule huyapa kidogo ili bibi yake afurahi, na Mama mwenyewe ana birika lake. Muuza mbolea akanipa unga wa kuyaongezea nguvu, nikautia, ncha za majani zikaungua. Siku hizi vijinzi vidogo vinazunguka juu ya udongo.

Juzi Mama alikaa muda mrefu na jani la njano kiganjani, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, maua yangu hayajaipenda nyumba hii. Na mimi nisije nikawachosha. Nitakwenda kwa dada yangu."

Nikamwambia, "Mama, tutatafuta dawa."

Hilo tu ndilo lililonitoka. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, sijawahi kukaa chumba kimoja na mtu anayenong'ona namna ile, na nikiwaza dirisha lile likiwa tupu najikuta nimeshona mkono wa gauni kinyume. Niambie, dawa gani inafaa?

Fundi Cherehani

*

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu, kwa ajili ya lile jua la mikononi. Sasa ngoja nikugombeze.

Maua hayo hayahitaji dawa. Mnayazamisha. Unamwagilia wewe, anamwagilia mumeo, anamwagilia mtoto, anamwagilia mwenyewe, kila mtu kwa mapenzi yake na bila kumuuliza mwenzake, kisha ukayahamishia kwenye vyungu visivyo na tundu. Maji yatokee wapi? Majani ya chini yakiwa njano na kulegea huku udongo umelowa, mizizi imekosa hewa, inaoza. Ingekuwa kiu, udongo ungekuwa mkavu na majani yangekauka kama karatasi. Na hiyo mbolea ni sawa na kumpakulia tena mtu aliyevimbiwa.

Toa kila ua chunguni uangalie mizizi. Iliyo myeupe na imara iache. Ya kahawia, inayoteleza na kunuka, ikate kwa mkasi safi, usiwe ule wa vitambaa. Panda upya kwenye udongo mwepesi, chungu kiwe na tundu. Vile vyeupe usivitupe. Tumbukiza chungu chenye tundu ndani yake, na maji yakikusanyika chini yamwage. Majani yaliyokwisha kuwa njano yatoe, hayarudi kijani. Mbolea isubiri mpaka uone majani mapya, na jua kali la mchana likinge kwa pazia jepesi. Huenda mengine yakafa. Usijilaumu.

Kuanzia sasa birika ni la Mama peke yake. Achomeke kidole kwenye udongo, na ukiwa mkavu mpaka pingili ya kwanza ndipo amwagilie. Mumeo maji yake ayanywe.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Mama aliposema asije akawachosha, hakuwa anaaga, alikuwa anauliza. Wewe ukamjibu habari za dawa. Mama wa watu amefiwa, ameacha nyumba yake, anangoja mtu aseme neno, na yote uliyoniandikia mimi nisiyekujua, yeye hajayasikia. Simamisha cherehani, kaa karibu naye, umwambie, "Mama, nataka ukae nasi." Mumeo naye aseme kwa kinywa chake. Na mseme leo, kabla hamjagusa chungu hata kimoja. Mkingoja maua yapone kwanza, atadhani ni maua yaliyombakiza.

Shangazi