Kijiko cha Kuongeza Nguvu

Bweni la wasichana,
Kilwa.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha bibi kimetulia na mikorosho ya Rondo imeanza kutoa maua. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nina hasira, na sitaificha.

Makamu wa mkuu wa shule, Mwalimu Valentini, alikupigia simu akitaka niache kemia nihamie masomo ya sanaa, nisije nikaishushia shule wastani. Ukamkubalia, ukaongeza kwamba kemia hailiwi. Mimi hukuniuliza. Basi nisikilize sasa.

Jaribio lililoniponza lilikuwa hivi. Tulipewa gramu nne za sodiamu haidroksaidi, tutengeneze myeyusho wenye nguvu ya nusu moli kwa lita. Kazi ni kutafuta ujazo. Moli moja ya kitu hicho ina gramu arobaini, kwa hiyo gramu nne ni sehemu moja ya kumi ya moli. Gawa kwa ile nusu moli ya kila lita, unapata sehemu moja ya tano ya lita, yaani mililita mia mbili. Nilipata kabla ya wavulana wote, Baba. Kisha mkono ukakumbuka shamba. Tukichanganya dawa ya mikorosho, kipimo kikishatimia wewe huongeza kijiko ili dawa ipate nguvu. Na mimi nikaongeza kijiko cha sodiamu. Myeyusho ukawa mkali kuliko hesabu, majibu yote yakaharibika, na nilipoeleza sababu darasa zima likacheka.

Sikulia. Nilimwomba Mwalimu Benadetha wa kemia anipe jaribio jingine mbele ya haohao waliocheka. Akanipimia gramu sita, akataka robo moli kwa lita. Hiyo ni mililita mia sita. Niliyeyusha kwa maji machache, nikajaza hadi kwenye alama, nikaweka mikono nyuma. Alipoupima kwa asidi, ikatoka robo kamili. Akasema wote wakisikia, "Huyu hatoki kwangu."

Lakini Mwalimu Valentini akashikilia kwamba neno la mzazi limeshatoka, na mzazi ndiye wa kulirudisha. Huku simu haturuhusiwi.

Kwa hiyo jana niliingia ofisini kwake nikamwambia umenitumia ujumbe kwa mpishi wetu wa bweni, Samia, aliyekuja huko Rondo juzi, kwamba umebadili mawazo, binti yako anabaki kwenye kemia, na kama shule haitaki utapanda basi uje mwenyewe. Nilisema kwa ukali wako ule wa mnada wa korosho, akaamini. Ijumaa baada ya swala atakupigia kuhakikisha. Ukisema hujui lolote, nitafukuzwa shule kwa uongo. Samia nimemweleza yote. Kanigombeza, kisha akakubali kurudi huko kukuletea barua hii kabla ya Ijumaa.

Radhi siombi. Hesabu ni yangu na ninaiweza.

Msalimie mama, na bibi mbusu mkono. Simu usiizime Ijumaa. Umebadili mawazo, Baba.

Binti yako anayesoma kemia,
Sauda Fakihi