Kamba ya Makumbi Kwenye Barafu

Mpendwa kaka Kahindi,

Mama tumemzika Ijumaa iliyopita, ubavuni pako, upande wa kushoto kama alivyotaka mwenyewe. Nalisema mapema kwa sababu hukupenda watu wanaoanza habari zao kwa Adamu na Hawa. Kuna neno nimelificha katika nyumba hii tangu siku ulipoletwa. Niliyekuwa nikimficha hayupo tena, kwa hiyo umebaki wewe.

Unaikumbuka Nyari, lile korongo letu, asubuhi, kabla jua halijakaza? Wageni wa hoteli za Malindi huja wakasimama juu ya genge, wakapiga picha kuta nyekundu na nyeupe, wakarudi zao kula. Sisi tuliijua kwa vidole. Ule si mwamba wa kuaminika, humeguka kama mkate wa jana, nawe ulijua wapi pa kukanyaga na wapi pa kupita upesi bila kupaamini. Nyuki walijenga katikati ya ukuta, mahali ambapo hata mbuzi hathubutu, na Marafa nzima ikitaka asali ya harusi au ya dawa ilikuja kukuulizia wewe.

Nami nilikuwa mshika kamba. Niliizungusha mara mbili kwenye shina la mkwaju, nikaketi, nikaikita miguu kwenye mzizi, nawe ukashuka na kienge chako cha moshi mpaka nisikuone. Upepo wa pale ulikula sauti, ndiyo maana tulisemezana kwa kamba. Ukivuta mara mbili, umefika. Nikivuta mara mbili, nimekushika. Hatukuhitaji maneno mengine.

Siku moja ulikaa kimya huko chini mpaka nikaanza kulia. Nilivuta, hujibu. Nikavuta tena, hujibu. Hatimaye ukapanda taratibu, kidevu kinang'aa.

"Ulikuwa wapi?" nikakuuliza.

"Nilikuwa naonja kama imeiva."

Nilikupiga kwa ndala mpaka ikakatika, nawe ukicheka tu. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kisha nacheka.

Kamba ile ilikuwa ya mama. Ufundi wa kusokota makumbi, zile nyuzi za maganda ya nazi, alikuja nao kutoka kwao Kilifi alipoolewa huku bara, na sheria yake ilikuja naye: kamba ya makumbi haipandwi kavu. Ilizaliwa majini, alikuwa akisema, na ikikaa mbali na maji hukasirika, ikakatika bila kulia. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kazi tuliilaza ndani ya pipa tukaikandamiza kwa jiwe, na asubuhi ilikuwa nzito, laini, imeshiba. Mwaka ule wa ukame mkubwa, maji tukiyafuata mwendo wa nusu siku, jirani alimwona mama akiimiminia kamba ndoo nzima akashika kichwa. "Kamba inywe, watoto wakae na kiu?" Mama hakumtazama. "Mtoto mwenye kiu huomba," akasema. "Kamba haiombi."

Ukame huohuo ndio uliokuchukua. Maua hakuna, nyuki wakahama. Yule mgeni mrefu aliyekuona ukipanda Nyari akakuambia kuna kazi ya kubeba mizigo na kuongoza watu Mlima Kenya, nawe ukaenda kama mtu aliyeitwa nyumbani.

Uliporudi mara ya kwanza ulituletea vituko. Viatu vyenye meno chini! Shoka dogo la kukatia barafu, ukataka kutuonyesha linavyofanya kazi kwenye ukuta wa Nyari, kipande kikaporomoka nusura kikufukie. Mama alikuwa anaijua barafu ya kwenye masanduku ya samaki kule Malindi, basi. Akakusikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwani mtu mwenye akili timamu hupanda juu ya kitu kinachoyeyuka?"

"Huko haiyeyuki, mama. Ni ngumu kuliko Nyari."

"Haya. Wewe ndiye uliyeiona."

Usiku ule ulipokuwa ukila ndipo ulipotuambia kwamba kamba za nailoni ni za wageni, na nyinyi wapagazi mkirudi peke yenu mnavuka mifereji ya barafu kwa mikono mitupu. Hukusema kwa kulalamika. Lakini mama alinitazama, nami nikamtazama, na msimu mzima wa kiangazi tulisokota. Mapaja na viganja viliota sugu. Nilikukabidhi kamba hiyo mwenyewe kituo cha basi Malindi, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Usiipande kavu. Ilaze majini usiku kucha, uiwekee jiwe juu." Na kila barua niliyokuandikia baada ya hapo, mahali watu wengine wanapoandika Mungu akulinde, mimi niliandika: usisahau kuilowesha kamba.

Kaka, nilikuwa sijawahi kuona maji yakiganda.

Aliyekuleta nyumbani ni Mutwiri, mwenzio wa mlimani. Alisafiri siku mbili pamoja na jeneza, na mapajani ameshika gunia lenye kamba. Tulipokwisha kuzika, mama akamwita mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie lililompata. Usinipunguzie."

Mutwiri akaeleza. Mlikuwa mnarudi, nyinyi wawili. Kamba ilikuwa imelowa, ikaganda, asubuhi ikasimama kama fimbo. Mliipigapiga jiweni mpaka ikakunjika, mkaifunga kwenye mwamba, wewe ukatangulia kukata ngazi kwenye barafu. Fundo lilionekana limekaza. Kumbe lililokaza ni barafu iliyokuwa ndani yake. Jua lilipotoka ikayeyuka, na fundo likafunguka kama kiganja cha mtu aliyelala.

"Nani aliilowesha?" mama akauliza.

Mutwiri akatazama chini. "Ni mvua, mama. Usiku ilinyesha sana."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, na huko akaniambia la kweli, kwa kuwa hakutaka kurudi kwao na uongo wote mabegani. Mvua haikunyesha. Jioni ile uliizamisha kamba kijitoni, ukaiwekea jiwe juu. Yeye akakukanya, akakukumbusha baridi. Nawe ukamjibu, "Za nailoni nazijua mimi. Hii anaijua dadangu."

Basi nimekuwa na maneno hayo. Nimekoka moto nayo, nimelima nayo, nimetwanga nayo. Kuna siku nilikuchukia kwa kunitii. Hukunitii hata siku moja maishani mwako, nikikukataza kulamba asali unalamba, nikikuambia shuka polepole unaruka, na hilo moja, lile moja la kutotiiwa, ndilo ulilolitii mpaka mwisho. Nisamehe kwa kukusema hivyo. Mtu akikosa pa kuweka uchungu wake humtupia hata aliyelala kaburini.

Mama naye aligeuka. Mvua zikianza, wenzetu wakitoka na majembe wakishangilia, yeye aliketi mlangoni akizitazama zinavyopiga uwanja. Mkulima asiyefurahia mvua! Nilijua kwa nini, na sikusema kitu. Nilimwacha aichukie mvua ili asinichukie mimi. Ndilo neno lenyewe nililotaka kukuambia, na si dogo.

Sasa nikupe yaliyotokea wiki ya mwisho. Alikuwa hawezi kuinuka tena. Mchana mmoja akaniambia nimshushie lile gunia darini. Nikajifanya sisikii. Akasema tena. Nikaleta. Akaitoa kamba, akaipitisha vidoleni pima baada ya pima, mpaka akafika mahali pa fundo.

"Dama," akasema, "ulidhani niliamini?"

"Uliamini nini, mama?"

"Kamba hii nimeisokota kwa paja langu. Mvua ya usiku mmoja huilowesha ngozi tu. Haifiki moyoni, ikaganda kama fimbo, mpaka izamishwe, tena iwekewe jiwe. Nilijua Mutwiri hajamaliza maneno yake."

Nikakaa chini palepale. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, nami nikihangaika kumficha.

"Ningekuambia nini? Uliyomwambia nduguyo ni maneno yangu. Mimi ndiye niliyekupa. Kila mvua nilikuwa nakaa pale mlangoni naomba unijie, uniulize, nikuombe radhi. Hukuja."

Nikamwambia mzazi hamwombi mwana radhi. Akasema, "Mimi nakuomba." Akanishika mkono kwa mkono uleule wenye sugu, na hakuniachia mpaka nilipomjibu kwamba nimemtolea radhi. Siku tatu baadaye akafa.

Tuliishi nyumba moja, tukila sahani moja, kila mmoja akimlinda mwenzake na kitu ambacho wote wawili tulikuwa nacho. Ningefungua kinywa mara moja tu. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, watu wameniambia sana msibani, na kila aliyeniambia nilitaka kumtupia kikombe.

Kwa hiyo sasa ni zamu yangu, kaka. Nilikupa maneno ya hapa uende nayo mahali nisipopajua. Sikukusudia ila uzima wako. Naomba radhi yako.

Jana nilikwenda Nyari. Miaka ya themanini inaishia na nyuki wamerudi, wamejenga palepale pa zamani. Niliizungusha kamba mara mbili kwenye mkwaju wetu, nikaketi, nikaikita miguu kwenye mzizi, nikaiteremsha ukutani mpaka mwisho wake. Sikuilowesha. Ilikuwa kavu kabisa, ikinikwaruza viganja, nyepesi kupita kiasi.

Nikavuta mara mbili. Kisha nikakaa, mikono kwenye kamba, mpaka jua likanifukuza.

Pumzika, Kahindi. Mama yuko karibu nawe sasa. Ukimsikia anaanza habari za kamba, msikilize, lakini mwambie yameisha.

Ni mimi dadako, mshika kamba wako,
Dama