Brikicho katika Nyumba ya Mama Wambui

Kileleshwa, Nairobi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai magoti yamepata nafuu tangu mvua zipungue, na Baba anakunywa dawa zake bila kubembelezwa. Sisi huku kwa Mjomba Athman ni wazima. Mimi pia ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umenihama, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika. Ningepiga simu, lakini hapa hupigiwa sebuleni, na haya siwezi kuyasema watu wakinitazama.

Unamkumbuka Wambui, rafiki yangu wa chuo aliyefariki kwa pumu wakati wa likizo. Ulimwombea dua. Sikukueleza kwamba mimi na yeye tulikuwa tukitengeneza mchezo wa kompyuta, kazi ya mwaka wa mwisho. Baba huyaita masomo yangu mambo ya kitoto, na kwa hili hakukosea sana, maana mchezo wenyewe ulikuwa brikicho, ule ambao kwetu tunauita kibe. Kwenye skrini kuna nyumba. Msichana mdogo anajificha, wewe unapita chumba kwa chumba ukimtafuta. Mimi nilichora nyumba, nikaiga ile ya kina Wambui huko Kitisuru kwa sababu nilikuwa nimeizoea. Yeye aliandika programu ya kumfanya msichana atembee na kujificha. Sauti tulitia zetu wenyewe. Ukibonyeza kitufe, mimi nauliza, "Tayari?" na Wambui anajibu, "Bado." Kadiri unavyomkaribia ndivyo sauti inavyozidi. Ukimpata, anatoka akicheka.

Baada ya mazishi mamake alinipigia simu. "Rukia, nimeambiwa sauti ya mtoto wangu iko kwa kompyuta yenu. Niletee tu niisikie."

Nilienda Jumamosi mchana. Kule Kitisuru ni nyua na miti tu, unaweza kutembea barabara nzima usikutane na mtu. Agnes, msaidizi wao wa nyumbani, alinifungulia. Niliufungua mchezo kwenye kompyuta ya Wambui mwenyewe, nikamwonyesha Mama Wambui vitufe vya kutembelea, nikakaa kando yake.

Alitafuta jikoni, chini ya vitanda, nyuma ya mapazia. Hakumpata. Mimi nilizijua pembe zote za kujifichia, kwa hivyo nikashika vitufe mwenyewe, nikazipitia moja baada ya nyingine. Hayumo. Lakini kila nikiuliza, Wambui anajibu, "Bado," na tulipofika chini ya ngazi sauti ikawa kubwa kama ya mtu aliye ubavuni mwako. Pale hapana kitu, Mama. Ni ukuta mtupu.

Mama Wambui aliiondoa mikono mezani. "Hapo kulikuwa na kabati," akasema. "Alijifungia ndani akiwa mdogo sana, tukamtoa amekosa pumzi. Baba yake akaita fundi akaziba na mawe. Wambui hakuwahi kuambiwa."

"Hata mimi sikujua," nikamwambia. "Nilichora ukuta kama nilivyouona."

Mama Wambui alirudisha mikono mezani. Kisha akabonyeza tena kitufe, akasikiliza, akabonyeza tena.

Jumatatu nilimwonyesha mwalimu wetu pale chuoni, mjini. Alitazama akapiga miayo. "Hiyo ni kasoro ya programu. Amekwama ndani ya ukuta. Hutokea kila siku." Na ni kweli hutokea, nimeyaona kwa kazi za wenzangu. Lakini kuta ni nyingi katika nyumba ile, Mama. Mbona ule?

Mama Wambui alipopiga simu tena alisema neno moja tu: "Mfungulie."

Basi nikachora mlango pale chini ya ngazi, nikaupeleka mchezo Kitisuru. Mama Wambui aliufungua mlango ule kwa mkono wake. Msichana akatoka akicheka, kama Wambui alivyomtengeneza, akatupita, akaondoka kwenye skrini. Mara Agnes akatokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni, akauliza, "Nani huyo amepita hapo kwa ngazi akikimbia?"

Nilibonyeza kitufe haraka. Niliuliza, "Tayari?" nikauliza tena. Kimya. Tulizunguka nyumba yote kwenye skrini, tukazima, tukawasha, tukaanza upya. Msichana hayumo, na hadi leo hayumo.

Nilidhani Mama Wambui atalia. Badala yake alikula vizuri siku ile, mara ya kwanza tangu msiba, akaniomba nikae nao wiki moja. Chumba kipo, akasema, na kompyuta ipo. Niliona haya kukataa. Mjomba aliniruhusu. Asubuhi Mama Wambui alinipa sweta ya marehemu kwa sababu ya baridi. Kesho yake nikakuta viatu vya Wambui mlangoni pa chumba, vimepigwa rangi. Vilinitosha, na mguu wangu unaujua ulivyo mkubwa, wa marehemu ulikuwa mdogo.

Halafu alasiri moja nikiwa juu nasoma, akaita kutoka chini, "Wambui, chai iko tayari."

Nikaitika. "Nakuja, Mum." Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijamwita mtu hivyo. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ngazi ndipo nikashtuka. Agnes alikuwa amesimama na trei, ananitazama. Aliniambia polepole, "Rukia, enda kwenu."

Nilikusanya vitu vyangu, sweta na viatu nikaviacha juu ya kitanda. Mama Wambui alinisindikiza hadi getini amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Mama, mimi ni Rukia," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini ni wewe uliitika."

Sijarudi. Mwalimu amekubali nianze kazi nyingine, na huu mchezo nimeuacha kwao. Agnes ameniambia dadake Mama Wambui amekuja kukaa naye, na hilo limenipa faraja kidogo. Mama, namhurumia Mama Wambui. Hajanifanyia ubaya wowote.

Nisalimie Baba, na Shangazi Fatuma msusi wetu, na mdogo wangu Hamisi umwambie asome Kurani yake, asicheze. Mke wa Mjomba anakusalimu, anasema kitambaa ulichompa kimemkaa.

Nina ombi moja. Barua hii ikikufikia, pita kwa jirani upige simu hapa kwa Mjomba, hata kama huna la kusema. Nikishika, niite Rukia binti Said, kwa sauti ile ya kuniitia pale mlangoni jua likizama. Kila ninapoitwa siku hizi, nachelewa kidogo kujua kama ni mimi.

Akupendaye, mwanao wa pili,

Rukia