Alama ya kidole cha Hyasinta

Mama Doreen, nimetoka kwa Piusi fundi sasa hivi.

Mvua ilianza, mkewe Hyasinta akaacha chapati jikoni akakimbia kuingiza ndani vipuri vya alumini vya gari la watalii, vile mumewe alivyong'arisha ili avitie dawa ya rangi. Maskini alidhani anamsaidia!

Piusi akaona alama ya kidole chenye mafuta. Kidole kimoja tu jamani!

"Mafuta yanakataa rangi, mke wangu. Lete mkono tuuoshe."

Akauzamisha kwenye ndoo ya kostiki anayosafishia vipuri, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inayounguza ngozi. MKONO, Mama Doreen! Mwenzake analia, yeye anasema, "Tulia, bado una mafuta."

Nafika mbio, ananionyesha kipuri: "Ona mama, hakina alama tena."

Posa ya mdogo wake Piusi kwa Doreen irudisheni leo. Alikuwa pale mlangoni, anacheka.