Ugonjwa Usio wa Ukoo

Same, Jumanne, 10 Agosti 1993

Mshenga hakuja kunywa chai, ingawa ameimaliza. Wanaotaka kumposa binti yangu Nakijwa walimtuma achunguze kama saratani yangu ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani, ni ya ukoo.

Nikamweleza alivyosema daktari: ni aina adimu. Seli moja ilipojigawa ilikosea kunakili vinasaba vyake, ikasahau kuacha kuzaana. Kosa limeanzia mwilini mwangu. Sikulirithi, wala simrithishi mtu.

“Kwa hiyo, Baba Nakijwa, umeuanzisha mwenyewe?”

“Mwenyewe. Hata marehemu baba hakunichangia.”

Akacheka, akajiongezea sukari kana kwamba foleni za sukari za miaka ile ya uhaba hazikuwahi kuwepo. Posa italetwa Jumapili.

Nahofia sitaifikia harusi. Lakini leo binti yangu amepona ugonjwa ambao hakuwa nao.